Ajali na Kinga Yake: Mazungumzo ya Wapanda Baiskeli na Viongozi wa Walei



Tume ya Haki na Amani ilipotuomba tuseme nanyi katika semina hii ya Kwaresima, baadhi ya jirani zetu walicheka. Walisema kwamba haki ni habari ya mashamba yaliyoporwa, ya mirathi ya wajane, ya mishahara isiyolipwa na ya kura. Baiskeli ina nini na haki? Sisi tuliosimama mbele yenu ni watu ambao kila siku ya kazi huenda na kurudi kwa baiskeli hapa Dar es Salaam. Miongoni mwetu wamo waashi, walinzi, wauza madafu, mwalimu mmoja na karani mmoja. Tumekubaliana kusema kwa kauli moja, na tutafuata njia mliyoizoea katika jumuiya zenu: kwanza kuona, kisha kupima kwa Neno la Mungu, na mwisho kutenda.

1. KUONA: SAFARI YETU YA KILA SIKU

Msidhani kwamba sote twapanda baiskeli kwa sababu ya umaskini tu. Ni kweli kwamba nauli ya kwenda na kurudi, ikijumlishwa kwa mwezi mzima, huwa fedha ya kununulia unga na madaftari ya watoto. Lakini wako miongoni mwetu ambao hata wakipewa nauli hawataiacha baiskeli yao. Baiskeli haidai mafuta, haingoji ijae abiria, wala haimwachi mtu kituoni. Mtu mzima asiyekimbia huenda kama kilomita 15 kwa saa; basi aliye na safari ya kilomita 12 humchukua dakika 48, leo na kesho na kesho kutwa, foleni iwepo au isiwepo. Hufika kazini damu ikitembea vizuri mwilini na akili ikiwa imeamka. Furaha hiyo twaijua, nasi hatuoni haya kuitangaza.

Wakati huu wa kaskazi, tangu Desemba hadi masika yaanzapo mwezi Machi, safari yetu ina kanuni zake. Mwenye busara huondoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, kungali giza na hewa ingali na ubaridi kidogo. Wale tukaao Kimara hushuka kwa Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Manzese na Magomeni hadi bonde la Jangwani, kisha tukapanda kuingia Kariakoo. Anayechelewa hadi saa 12:30 hukutana na jua uso kwa uso, kwani barabara yaelekea mashariki. Jioni arudipo barabara yaelekea magharibi, na jua lile lile humngoja mbele, naye sasa apanda mlima wa Kimara akiwa amechoka. Kumbukeni pia kwamba jua linalompofusha mpanda baiskeli humpofusha na dereva aliye nyuma yake.

Joto la pwani si joto kavu la Dodoma. Jasho hutoka lakini halikauki. Maadamu magurudumu yazunguka, upepo wa mwendo hutuburudisha. Lakini tukisimama penye taa za barabarani, jasho hububujika kama aliyemwagiwa ndoo. Kwa hiyo tumejifunza kubeba shati safi ndani ya mfuko wa kitambaa, kunywa maji kabla ya kusikia kiu, kuvaa kofia yenye ukingo, na kupumzika kivulini kidogo kabla ya kuingia ofisini au kazini. Tumejifunza pia kutojaza tairi kupita kiasi na kisha kuiacha baiskeli juani, kwa sababu hewa hutanuka kwa joto, na kiraka kilichozibwa vibaya huachia. Fundi aliye chini ya mwembe, mwenye beseni la maji, spana na gundi yake, ni mtu wa lazima katika maisha yetu kuliko wakubwa wengi.

Ndugu zetu wauza madafu wana mzigo uliozidi. Kaskazi ndiyo mavuno yao, kwani kila mtu ana kiu. Lakini madafu yaliyosheheni nyuma ya baiskeli huyumba, na lori likipita kwa kasi karibu naye, upepo wake humvuta mtu kuelekea magurudumu. Tunywapo dafu pembeni ya njia, ni mara chache twafikiri limefikaje pale.

2. KUONA: NJIA ILIYOPORWA

Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambao mjini hapa twauita mwendokasi, ulianza kutoa huduma mwaka 2016. Pamoja na njia za mabasi, zilijengwa pembeni ya Barabara ya Morogoro njia za waendao kwa miguu na za baiskeli. Tulishukuru kweli kweli. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliona barabara kuu iliyotukumbuka.

Lakini tazameni leo. Bodaboda hupita humo zikikwepa foleni. Magari huegeshwa humo. Meza za biashara zimetandazwa humo, na kwingine kifusi na kokoto vimemwagwa humo kana kwamba ni uwanja usio na mwenyewe. Hatuwalaumu machinga kama watu waovu. Nao wanatafuta riziki, na mara nyingi wamefukuzwa kwingine kabla ya kufika pale. Twasema tu kwamba njia ikizibwa, mpanda baiskeli hana budi kurudi barabarani katikati ya daladala na malori. Tena njia nyingine za mji hazikupata hata hiyo ya kuzibwa: lami huishia ghafla kwenye mchanga au mtaro, na ukingo wake umeliwa na maji ya mvua.

3. KUONA: MWENZETU ALIYEGONGWA

Tuwasimulieni jambo moja lililotupata. Mwenzetu mmoja ni mlinzi wa usiku. Asubuhi moja ya kaskazi alikuwa akirudi nyumbani, upande wa Mbezi, baada ya kukesha. Daladala mbili zilikuwa zikishindana kuwahi abiria wa kituo cha mbele. Iliyokuwa nyuma ilichepuka kushoto ili ipite, ikampiga kwenye usukani. Alianguka, paja likavunjika. Gari lile halikusimama. Wazee wetu walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Watu walijaa. Wengine walimfunika kivuli kwa kanga, Mungu awabariki. Mmoja akaondoka na mfuko wake wa chakula. Hakuna aliyeandika namba ya gari. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Mwenzetu alikaa miezi mitatu bila kufanya kazi, na bila kazi hakuna mshahara. Mkewe aliuza cherehani iliyokuwa ikiwalisha. Jumuiya yetu ilichanga, ikasali, ikamfariji. Nasi tukasema kama yule mzee: ni mipango ya Mungu.

Baada ya wiki mbili baadhi yetu tulirudi mahali pale kwa miguu, tukasimama tukatazama. Njia ya pembeni ilikuwa imezibwa na rundo la kokoto la mtu aliyekuwa akijenga. Ukingo wa lami ulikuwa umekatika, na kutoka lami hadi mchanga kulikuwa na shimo la kina cha shibiri moja, hata mtu asingeweza kushuka bila kuanguka. Tukaanza kuhesabu mikono iliyomwangusha mwenzetu. Wa kwanza ni wa dereva. Wa pili ni wa mwenye gari, adaiye hesabu ya siku, ambayo dereva hawezi kuipata pasipo kukimbizana. Wa tatu ni wa aliyemwaga kokoto. Wa nne ni wa aliyepewa dhamana ya kukarabati ukingo asiukarabati. Wa tano ni wa abiria waliokuwa ndani wakipiga kelele, "Dereva, kanyaga, tumechelewa!" Na mkono wa sita, ndugu zetu, tuliuona kuwa ni wetu wenyewe, kwani kila siku tulilipita rundo lile la kokoto, tukalikwepa, tukanyamaza.

Hapo ndipo tulipoona aibu kwa yale tuliyosema. Mungu hakumwaga kokoto zile.

4. KUPIMA: NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Tulikwenda kwa katekista wetu tukamwuliza kama Maandiko yana neno lolote juu ya ajali. Alitufungulia Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Pale Mungu awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka kutoka juu, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa la bapa, na watu walipumzika juu yake wakati wa joto. Tafakarini neno hilo. Mungu hakusema kwamba aangukaye ameanguka kwa mapenzi yake. Aliagiza kinga ijengwe, na asiyeijenga akahesabiwa damu.

Kisha akatufungulia Kutoka, sura ya 21, aya ya 29. Ng'ombe akiwa na desturi ya kupiga watu pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, naye ng'ombe akaua, basi mwenyewe ana hatia. Tofauti ni ile ya kuonywa. Mahali ambapo watu wamegongwa mara tatu, mara nne, ni ng'ombe ajulikanaye kwa pembe zake. Kila mwenye mamlaka juu ya mahali pale amekwisha kuonywa, na kila apitaye pale naye amekwisha kuonywa.

Kanisa nalo halikukaa kimya. Baraza la Vatikano la Pili, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, lawakemea wale wanaodharau sheria za mwendo wa magari, wakihatarisha maisha yao na ya wenzao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yafundisha kwamba mtu anayehatarisha usalama wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ndiyo ile mnayoijua, ya kutokuua. Na ya tisa yaagiza kumlinda aliye dhaifu zaidi barabarani. Tena Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 153, aliunganisha usafiri wa mijini na ubora wa maisha ya watu, akaonyesha jinsi wingi wa magari yabebayo mtu mmoja au wawili unavyoharibu miji.

Wala tusidhani kwamba ni shida ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya barabara.

Mwalimu aliye kati yetu alitufanyia hesabu moja ambayo twapenda mwifikishe kwa madereva wa parokia zenu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria penye makazi ya watu, ni karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva anayetazama simu kwa sekunde 3 amekwenda zaidi ya mita 40 bila macho. Na mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya kugonga huongezeka mara 4. Gari lina bati na mkanda wa kumkinga dereva. Mwenye baiskeli ana ngozi yake tu.

5. KUPIMA: DHAMBI ZETU WENYEWE

Kwaresima ni wakati wa kweli, na asemaye juu ya kibanzi cha jicho la mwenzake hana budi kuitazama boriti yake. Sisi wapanda baiskeli nasi twakosa. Wako kati yetu waendao usiku bila taa na bila hata kioo chekundu nyuma, kisha wakamlaani dereva kwa kutowaona. Wako wapitao upande wa kulia wakikabiliana na magari. Wako wenye breki za kuombea tu. Wako waingiao njia ya waendao kwa miguu kwa kasi, wakamtisha bibi kizee kama vile daladala litutishavyo sisi. Mnyonge akimpata mnyonge kuliko yeye, mara nyingi humfanyia yale yale.

Na kosa jingine: wengi wetu tumewafundisha wana wetu wa kiume kupanda baiskeli, na binti zetu tumewaambia kwamba si adabu. Binti huyo huyo twamtuma kwa miguu mwendo wa saa nzima, juani. Adabu gani hiyo?

6. KUTENDA

Hatukuja kuwaachia huzuni. Tunayo mambo matano ambayo parokia yaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

La kwanza, tuanze nyumbani mwa Bwana. Katika parokia moja tuliyosali, magari yana mahali palipopakwa chokaa, lakini baiskeli ziliambiwa zikae nje ya geti. Mmoja wetu alitoka Misani akakuta yake imeibwa. Bomba moja la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili, chini ya mti, mbele ya macho ya mlinzi, latosha baiskeli 20 kufungwa kwa mnyororo. Hapo mwenye baiskeli atajua kwamba anakaribishwa.

La pili, abiria Mkristo afumbue kinywa. Dereva akikimbia, tuseme kwa heshima, "Kaka dereva, punguza mwendo, tufike sote." Akisema mmoja atachekwa, wakisema watano atapunguza. Na tukikodi mabasi ya hija, ya kwaya au ya harusi, tupatane na mwenye gari juu ya mwendo kabla ya kupatana juu ya bei. Nao waamini wenye kumiliki daladala wajiulize mbele ya Mungu kama hesabu wanayodai yaweza kupatikana kwa mwendo wa halali.

La tatu, kila jumuiya itembee kwa miguu katika eneo lake, iandike mahali palipo na hatari: shimo hili, njia hii iliyozibwa, kivuko hiki kilichofutika rangi. Orodha hiyo ipelekwe kwa maandishi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa diwani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua iwe na tarehe, itiwe sahihi na wengi, na nakala ihifadhiwe. Hiyo nakala ndiyo ushahidi kwamba mwenye ng'ombe ameonywa.

La nne, tujue haki za aliyegongwa. Namba ya gari iandikwe pale pale, hata mchangani kwa kijiti. Polisi wapewe taarifa, na fomu ya PF3 itolewe kwa ajili ya matibabu. Tuwe na habari pia kwamba sheria humlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kuwafidia watu wengine watakaoumizwa nalo. Familia nyingi hazijui hilo, zikauza cherehani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

La tano, sisi wapanda baiskeli tujirekebishe. Tumekubaliana kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutakutana chini ya ule mwembe wa fundi, tukague breki, taa na kengele za baiskeli zetu, na kumsaidia asiyeweza kununua. Vijana wa parokia, wa kiume na wa kike, twawaalika tuwafundishe.

MWISHO

Mtapenda kujua habari za mwenzetu. Amerudi kazini, na amerudi kwenye baiskeli, ijapokuwa mguu mmoja haukunjiki kama zamani. Rundo la kokoto lile lingalipo nusu. Tuliandika barua, na nusu yake ikaondolewa baada ya barua ya pili. Twaandika ya tatu.

Tangu siku ile hatusemi tena kwamba ajali haina kinga. Kinga ipo. Ni ukingo wa lami uliozibwa, ni njia iliyoachwa wazi, ni mguu uliopunguza mafuta, ni taa nyekundu nyuma ya baiskeli, ni abiria aliyesema, ni barua iliyoandikwa. Kesho alfajiri, mkiwa ndani ya gari au kituoni, mkiuona mgongo wa mtu akinyonga pedali mbele yenu gizani, jueni kwamba yawezekana ni mmoja wetu. Mpisheni, naye afike.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni mahali gani ambapo watu wamekwisha kugongwa zaidi ya mara moja? Nani ameonywa, na kwa maandishi gani?

2. Je, tulipopata msiba wa barabarani, tulisema ni mipango ya Mungu? Mikono ya nani ilihusika kweli?

3. Mwenye kuja Misani kwa baiskeli, parokia yetu yampokeaje?

4. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu itakuwa imelitenda kabla ya Pasaka?

Tumsifu Yesu Kristo.